Mumbuni: Si mji, si shamba, ni kwetu

Msomaji mpendwa, ukikutana nami Nairobi siku ya kazi ukaniuliza natoka wapi, nitakujibu kwa neno moja tu: Machakos. Lakini kama nawe ni mtu wa huko, utaguna na kuniuliza tena, "Machakos ya wapi?" Hapo ndipo nitakapotaja Mumbuni, na hapo ndipo mazungumzo yetu yatakapoanza kunoga.

Mumbuni haielezeki kwa neno moja. Mtu wa jijini akifika kwetu husema amefika mashambani. Huona mahindi na mbaazi, mbuzi aliyefungwa kando ya njia, na mama aliyebeba kuni mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Mtu wa Masinga au Mwala akifika papo hapo husema amefika mjini. Yeye huona nyumba za kupangisha, vibanda vya kutolea pesa kwa simu, bodaboda zisizolala, na wanafunzi wa chuo wakipita na vitabu kwapani. Wote wawili husema kweli. Jogoo wetu huwika alfajiri, na kabla hajamaliza, makanga huwa ameshaanza kupiga kelele za kuita abiria.

Leo nataka nikusimulie habari za mahali hapo, na habari za kosa ambalo nusura nilifanye huko. Nakusimulia kwa sababu nadhani nawe una kwenu. Huenda kwenu ni Kikuyu, Ngong, Kisauni, au hata Kibaha nje ya Dar es Salaam. Popote mji unapotambaa kuelekea shambani, swali ni lilo hilo, na huenda likabisha mlangoni pako kabla hujajiandaa.

Mji uliotangulia Nairobi

Ukienda kwetu kutoka Nairobi, ni desturi kupanda gari katika kituo ambacho mpaka leo watu hukiita Machakos, ingawa mabasi yake huenda pembe nyingi za nchi. Unafuata barabara ya Mombasa, unapita Athi River, halafu unakata kushoto na kuuelekea mji, safari ya kilomita 60 na ushei. Tambarare zinakwisha, vilima vinaanza. Kuna vilima vya Mua vyenye mashamba ya matunda. Kuna vilima vya Iveti, jina ambalo kwa Kikamba lina maana ya wake. Tena kuna Kiima Kimwe, yaani mlima mmoja, ambao kweli umesimama peke yake kama mzee aliyenuna.

Mji wenyewe uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Iveti vinapita mita 2,000. Wengi hudhani Ukambani kote ni jua na mchanga. Njoo kwetu Julai asubuhi bila sweta, kisha unipe habari.

Jina Machakos lilitokana na Masaku, mzee mashuhuri na mwaguzi aliyeishi huku kabla ya ukoloni. Wageni walishindwa kulitamka jina lake sawasawa wakaliacha hivyo. Sisi wenyewe bado twasema twaenda Masaku.

Mnamo 1889 kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga ngome hapa, katika njia ya misafara iliyotoka Mombasa kwenda Uganda. Mwaka 1892 alifika John Ainsworth kuwa msimamizi wa kituo. Wakati huo Nairobi ilikuwa kinamasi ambako Wamasai walinywesha mifugo yao. Machakos ilikuwa na ofisi, soko na bendera.

Ikaja reli. Husimuliwa kwamba Syokimau, mwaguzi wa kike wa Kikamba, aliona mapema nyoka mrefu atakayekuja kutoka majini akitema moto. Nyoka huyo alianza safari yake Mombasa 1896, lakini hakupanda vilima vyetu. Alipita chini kwenye tambarare za Kapiti na Athi, na Mei 1899 akafika Nairobi. Mwaka huo huo Ainsworth akahamishia makao yake huko. Mji mkubwa ukazaliwa kwenye kinamasi, na Machakos ikabaki kama dada mkubwa aliyeolewa wa mwisho. Ajabu ni kwamba jina la Syokimau leo limepewa mtaa mzima katika kaunti yetu, na mwaka 2012 kikafunguliwa huko kituo cha treni za kuwabeba wafanyakazi kwenda Nairobi.

Nilipokuwa mtoto nilidhani reli ilituonea. Nilitamani ingalipita Machakos ili nasi tuwe na maghorofa. Siku hizi sina hakika tena, na utaona ni kwa nini.

Ukipita mji ukaelekea upande wa Mutituni, ndipo unapoingia Mumbuni. Tangu zamani palijulikana kwa mambo mawili, shule na kanisa. Wamisionari wa Africa Inland Mission walijikita upande huu, na chuo cha theolojia kilichoanzishwa 1962 kikapewa jina la Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa misheni hiyo, aliyefariki Nzaui mwaka 1896. Kuna shule ya upili ya Mumbuni, ambayo vijana wake wametawanyika katika ofisi nyingi nchini. Jumapili asubuhi nyimbo za kwaya hupishana kutoka kilima hadi kilima, na mtu akikosa kwenda kanisani ni sharti ajifiche ndani, maana ataulizwa.

Ng'ombe wa Ngelani

Juu kidogo kutoka kwetu, upande wa Mutituni, kuna mahali panapoitwa Ngelani. Marehemu babu yangu, umau kama tunavyosema, alikuwa kijana mdogo mwaka 1938, na hadithi ya mwaka huo alitusimulia mara nyingi mpaka tukaijua kuliko hadithi za sungura.

Serikali ya kikoloni ilisema ardhi ya Wakamba inaharibika kwa mmomonyoko kwa kuwa mifugo ni mingi mno. Hilo la mmomonyoko lilikuwa kweli. Makorongo yalikuwa yamekatika milimani, na mvua ikinyesha mito ilikuwa myekundu. Lakini serikali haikupenda kusema kwamba malisho ya Mua na tambarare za Kapiti yalikuwa yamegawiwa walowezi, na watu kusongamana na ng'ombe wao katika sehemu iliyobaki. Dawa iliyotolewa ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu. Maelfu ya ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei ya chini, na wakati huo kiwanda cha nyama kilikuwa kimejengwa Athi River.

Mtu wa Ngelani aitwaye Muindi Mbingu akasimama. Julai 1938 watu wasiopungua 1,500, wanaume kwa wanawake na watoto, walitembea kwa miguu hadi Nairobi kumtaka Gavana awarudishie ng'ombe wao. Walipiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa, nao hawakupigana na mtu. Mwishowe serikali ikalegeza kamba na kuacha kukamata mifugo kwa nguvu. Mbingu mwenyewe alikamatwa na kupelekwa Lamu, akakaa huko kizuizini kwa miaka. Ukipita Muindi Mbingu Street katikati ya Nairobi, karibu na soko la City Market, ukumbuke kwamba jina hilo lilitembea kwa miguu kutoka kwetu.

Umau alipomaliza hadithi hiyo hakukosa kuongeza neno moja. Alisema Mbingu aliwatetea ng'ombe, lakini udongo ulibaki bila wakili.

Matuta ya susu

Wakili wa udongo alikuwa jembe, na aliyelishika alikuwa susu, nyanya yangu.

Huenda shuleni ulifundishwa juu ya matuta ya "fanya juu". Ukitafuta katika vitabu vya kilimo vya nchi za mbali, vya Kizungu kabisa, utakuta maneno hayo yameandikwa hivyo hivyo kwa Kiswahili, na sehemu kubwa ya sifa zake ilitoka Machakos. Kazi yake si ngumu kueleza ingawa ni ngumu kufanya. Unachimba mtaro ukikingama mteremko, na udongo unaoutoa unautupa upande wa juu, ndiyo maana ya "fanya juu". Udongo huo unakuwa ukingo, na juu yake unapanda majani ya kulisha ng'ombe ili uushike. Mvua ikija, maji hayapati njia ya kuteremka mbio. Yanasimama, yanaacha udongo yaliokuja nao, yanazama polepole. Mwaka baada ya mwaka sehemu iliyo nyuma ya ukingo inajaa na kulala, mpaka mteremko mzima unakuwa ngazi za nyumba.

Wakati wa ukoloni watu walilazimishwa kuchimba mitaro, na cha kulazimishwa kina kinyongo. Baadaye watu wenyewe waliona faida, hasa kwa kilimo cha kahawa na mboga, wakaichimba kwa hiari katika vikundi vya mwethya. Mwethya ni kusaidiana: leo kwangu, kesho kwako, na mwenye shamba hupika isyo au muthokoi ya watu kushiba. Wengi wa wachimbaji walikuwa wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wamekwenda kutafuta kazi mijini.

Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya wilaya ya Machakos. Walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu waliongezeka kutoka 240,000 hivi hadi karibu milioni 1.4, na bado mmomonyoko ulipungua na miti ikaongezeka. Wataalamu wa zamani walikuwa wametabiri jangwa. Hawakuwa wamewahesabu akina susu.

Sisi tulikuwa na ngazi saba. Ya chini kabisa iko karibu na barabara. Ya juu inapakana na jirani. Nyumba ya mama iko kati ya ya tano na ya sita. Kwenye ngazi hizo tulivuna kahawa mpaka bei ilipoporomoka baada ya mkataba wa kimataifa wa kahawa kuvunjika 1989, na mama akang'oa miti mingi akapanda maharagwe na parachichi. Mwaka 1984, ukame ulipoikumba nchi, Wakamba waliuita ule wakati Nikw'a ngwete, yaani nafa huku nimeshika pesa mkononi, maana hata mwenye fedha hakupata cha kununua. Mama husema kwamba mwaka ule ngazi ya tatu ilitoa kunde wakati vilima vya jirani visivyo na matuta vilikuwa vimenyamaza kabisa.

Siku niliyomleta broka

Sasa nije kwenye kosa langu.

Baba alifariki 2009. Shamba lilikuwa bado katika jina la umau, kama yalivyo mashamba mengi, na ilitubidi tufungue kesi ya urithi. Tulikuwa watoto wanne, wavulana wawili na wasichana wawili. Baba wadogo na baadhi ya wazee wa ukoo walikuja wakakaa chini ya mparachichi. Walisema kwa upole kwamba binti huolewa na kupata shamba aendako, kwa hiyo tugawe kwa wawili.

Sheria ya urithi iliyoanza kutumika nchini 1981 haimtofautishi mtoto wa kike na wa kiume, na Katiba ya 2010 ikaliweka wazi zaidi. Lakini msomaji, wajua kwamba sheria iliyo kwenye karatasi huhitaji mtu wa kuisimamia chini ya mparachichi. Aliyesimama alikuwa mama. Alisema, "Wazee wangu, nawaheshimu. Lakini hizi ngazi zilichimbwa na wanawake. Sitawaambia binti zangu kwamba jembe ni lao na shamba si lao." Wazee walinyamaza. Kesi ilichukua miaka, na 2017 nikapata hati yenye jina langu: ngazi ya kwanza na ya pili, karibu na barabara.

Wakati huo huo Machakos ilikuwa inabadilika. Serikali za kaunti zilianza kazi 2013, na mji ukawa makao makuu ya kaunti ambayo sensa ya 2019 iliihesabu kuwa na watu 1,421,932. Bustani ya People's Park ilifunguliwa kando ya bwawa la Maruba 2014, na watu wa Nairobi wakaanza kuja kutembea wikendi. Chuo cha ualimu wa ufundi kilikuwa kimegeuzwa kuwa chuo kikuu, kikapata hati yake rasmi 2016. Wanafunzi wanataka vyumba, na wahadhiri wanataka nyumba. Shamba la karibu na barabara huko Mumbuni likawa halipimwi tena kwa magunia, linapimwa kwa ploti za hamsini kwa mia.

Mapema 2023 nilikuwa na deni la karo, na nyumba niliyopanga Nairobi ilikuwa imepandishwa kodi. Broka mmoja akanipigia simu. Bei aliyoitaja ilinifanya niketi chini. Jumamosi iliyofuata nilikwenda naye Mumbuni kumwonyesha. Sikumwambia mama. Nilijidanganya kwamba nitamweleza baadaye, jambo likishaiva.

Mama alitukuta ngazi ya kwanza, broka akihesabu hatua. Alimwamkia vizuri, akamkaribisha chai, akangoja mpaka amekwenda. Kisha akaniambia maneno ambayo nayasikia mpaka leo: "Mwanangu, nilisimama mbele ya wazee nikasema binti yangu ana sehemu. Sikusimama pale ili uipate uile."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba kaka angeuza yake asingeambiwa hivyo. Nilimwambia shamba ni langu kwa hati. Nilimwambia kwamba yeye hajui Nairobi ilivyo. Mama hakujibu. Akachukua jembe akaenda kuzibua mtaro, na mimi nikapanda matatu nikarudi zangu. Tulikaa miezi karibu minne tukizungumza kwa simu juu ya hali ya hewa tu.

Mvua ya Novemba

Ukambani tuna misimu miwili ya mvua, na tunayoitegemea zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Mwaka 2023 ilikuja na El Nino, ikaja kwa hasira.

Jirani wa juu alikuwa ameuza mapema mwaka ule. Mnunuzi, ambaye simtaji, alileta tingatinga likasawazisha matuta yote kwa siku mbili, yakajengwa majengo mawili ya vyumba vya wanafunzi, na uwanja ukamwagwa saruji. Jengo zuri kwa macho. Lakini hapakuwekwa mfereji wa kuyapokea maji, wala tangi.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Paa la mita mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50 humwaga lita 5,000. Hiyo ni mitungi 250 ya lita 20 kutoka paa moja kwa usiku mmoja. Pale juu palikuwa na mapaa mawili makubwa kuliko hilo na uwanja wa saruji. Zamani maji hayo yangezama katika ngazi za jirani. Sasa yalikuja kwetu yote kwa mkupuo.

Nilipigiwa simu saa kumi na moja alfajiri na dada yangu. Nilifika saa tatu. Ngazi ya saba ilikuwa imepasuka, ya sita imechukuliwa nusu, na tope lilikuwa limeingia jikoni kwa mama mpaka kwenye mafiga. Kuku kumi na wawili walikuwa wamekufa. Mama alikuwa amesimama mvuani na gunia kichwani, anachimba. Mwanamke wa miaka 74.

Ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitarajia. Kutoka kwenye yale majengo ya juu walitoka wanafunzi, sita au saba. Mmoja alikuwa wa Kakamega, mwingine wa Garissa, wengine sikuwajua. Walikuwa wameona kutoka dirishani. Walikuja na sepetu za fundi na mabeseni ya kufulia. "Shosho, pumzika," mmoja akamwambia. Mama akamjibu bila kuinua macho, "Huku husema susu. Chimba pale." Wakacheka, wakachimba. Kufikia adhuhuri majirani wa zamani nao walikuwa wamefika na majembe, na mimi nilikuwa nimevua viatu vya ofisini. Ilikuwa mwethya, ingawa hakuna aliyeutangaza, na nusu ya waliokuwapo hawakujua neno hilo.

Jioni, tumekaa na uji, mama aliniambia kwa sauti ya kawaida, "Tuta lina mwenyewe, lakini maji hayana mwenyewe. Ukikata la kwako, walio chini watakuja kukuuliza." Nilitazama chini ya ngazi ya kwanza, ng'ambo ya barabara. Kuna mama mjane anayeishi pale na wajukuu. Ningemuuzia broka, mwaka uliofuata tope lingelala jikoni kwake, na mimi ningekuwa Nairobi nikilipa karo.

Tulikofikia

Msomaji, sitaki nikudanganye kwamba mambo yalikwisha kama katika hadithi. Deni langu lilikuwepo na karo haingojei. Kaka yangu mkubwa aliuza ploti moja katika sehemu yake mwaka uliofuata, kwa sababu mwanawe alikuwa mgonjwa na hospitali haipokei matuta. Hakuna aliyemlaumu. Bodi ya ardhi ilitaka kibali cha mkewe, naye akakubali akilia.

Lakini tulikuwa tumejifunza. Kaka alikaa na mnunuzi, wakaandikiana kwa wakili kwamba ukingo wa juu hautaguswa, na kwamba maji ya paa yataingia kwenye tangi, na ya ziada kwenye shimo la mawe. Mnunuzi hakuona tabu. Kumbe maji yenyewe ni mali, kwa kuwa mfereji wa mji kwetu hukauka siku nyingi, na mtungi mmoja huuzwa kwa pesa. Mwenye majengo ya juu naye, baada ya wazee na chifu kumwita mara mbili, aliweka matangi mawili. Bado uwanja wake hutuletea maji, bado tunazungumza naye.

Mimi sikuuza. Nilihamia nyumba ndogo zaidi Nairobi, nikakopa katika chama chetu cha akiba, nikajenga vyumba viwili vya kupangisha kwenye pembe ya ngazi ya kwanza, pale palipokuwa tambarare tayari. Kodi yake haitoshi karo yote, lakini inasaidia. Ngazi ya pili ina maharagwe. Mpangaji wa kwanza alikuwa yule kijana wa Kakamega, ambaye sasa husema susu bila kukosea.

Sikuambii usiuze shamba. Mtu huuza kwa shida yake, na shida ya mtu aijua mwenyewe. Sikuambii pia kwamba mji ni mbaya. Mji ndio uliotuletea wale vijana wenye mabeseni. Lakini nakuomba, kabla hujauza au hujanunua ploti huko pembeni mwa mji, ufanye mambo matatu yasiyogharimu kitu. Kwanza, nenda siku ya mvua, si siku ya jua, uone maji yatoka wapi na yaenda wapi. Pili, tembea juu ya shamba ukamwone jirani wa juu, kisha teremka ukamwone wa chini, uwaulize wanaishije. Tatu, mwambie mama yako kabla hujamwambia broka.

Hilo la tatu ndilo lililonishinda mimi. Mwezi uliopita nilikwenda kwetu. Mama alikuwa kwenye ngazi ya sita, akipanda majani kwenye ukingo mpya. Nilimuuliza kama hachoki. Akanitazama, akanipa jembe, akaenda kuketi kivulini.

Nami nikachimba.